Fundi wa Kupanga Ugomvi

Kila ugomvi mkubwa una swali ambalo wagombanaji wanataka lijibiwe kabla ya mengine yote, na mara nyingi ndilo swali ambalo likiguswa mapema mkutano huvunjika. Kenya, mwanzoni mwa 2008, swali lilikuwa: nani alishinda urais? Upande wa Mwai Kibaki ulisema limeshajibiwa, Tume ya Uchaguzi imetangaza, rais ameapa, asiyeridhika aende mahakamani. Upande wa Raila Odinga ulisema kura zimeibwa na mahakama hizo hauna imani nazo. Wakati huo huo watu walikuwa wakichomewa nyumba Eldoret na Kisumu, na baadaye Naivasha, na hawakuwa na muda wa kungoja jibu.

Nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu siku 41 ambazo Kofi Annan alikaa Nairobi, na kila nikirudia nazidi kuvutiwa na jambo moja ambalo halikupigiwa picha: namna alivyolipanga swali hilo likawa la tatu.

Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume, alimtangaza Kibaki mshindi, na jioni ile ile Kibaki akaapishwa Ikulu. Hadi ghasia zinaisha, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Wapatanishi walianza kuja mapema. Askofu Desmond Tutu alikuja. John Kufuor, Rais wa Ghana na mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo, alitua Nairobi tarehe 8 Januari, na siku hiyo hiyo Kibaki akatangaza sehemu ya baraza lake jipya la mawaziri. Kufuor aliondoka bila kuwaketisha wakuu hao wawili chumba kimoja. Alichofanikiwa kupata ni kibali cha pande zote mbili kwa jopo lililomfuata: Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa.

Msuluhishi ni fundi wa ajabu kwa kuwa hana kifaa cha kulazimisha. Hakimu ana hukumu, na nyuma ya hukumu wapo askari. Mwamuzi naye ukishampa shauri atakuandikia uamuzi utakaokubana upende usipende. Tanzania kazi hizi mbili zimewekwa kwenye jina la chombo kimoja, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko, shauri linaanza kwa msuluhishi, likishindikana ndipo linakwenda kwa mwamuzi. Nawaonea huruma wanaoingia kwenye chumba cha msuluhishi wakiwa na faili nene la ushahidi kifuani. Pale hakuna wa kumthibitishia. Utaulizwa unataka nini hasa, na utakubali nini, na ukisema hapana basi ni hapana. Alivyonavyo msuluhishi ni vitu vidogo: mahali pa kukaa, nani aketi, kipi kizungumzwe kabla ya kipi, muda, na karatasi. Umahiri wote uko humo.

Hatua ya kwanza ya Annan ilipigwa kabla hajafika. Alitarajiwa Nairobi katikati ya Januari, akaugua homa kali Geneva na kulazwa. Kutoka huko alipiga simu huku na huku akisisitiza jambo moja, kwamba upatanishi uwe mmoja tu. Mtoto aliyenyimwa na mama huenda kuomba kwa baba, na wanasiasa hawana tofauti, isipokuwa wao wana nauli ya ndege. Washington ikiwa na pendekezo lake, Kampala lake na Addis Ababa lake, kila upande utachagua lililo tamu kwake na kungoja. Annan aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa miaka kumi. Alijua milango yote hiyo iko wapi, kwa hiyo alijua ipi ya kufunga. Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alipokuja Nairobi tarehe 18 Februari, uzito wa Marekani aliokuja nao aliuweka kwenye meza ile ile. Hakufungua nyingine.

Annan alifika tarehe 22 Januari. Siku mbili baadaye Kibaki na Raila walipeana mikono mbele ya kamera, nje ya Harambee House. Mkono ulikuwa bado haujapoa, Kibaki akasoma hotuba akijiita rais aliyechaguliwa kihalali, na watu wa ODM, chama cha Raila, wakatoka pale wakifoka. Mpatanishi mchanga angetoa tamko siku hiyo. Annan aliyaacha maneno yapite, picha ikabaki. Tarehe 26 alipanda helikopta na wenzake wawili kwenda Bonde la Ufa, akaona kambi na nyumba zilizobaki kuta. Baada ya safari hiyo isingekuwa rahisi kwa mjumbe yeyote kumwambia kwamba hali imetulia.

Mazungumzo yalizinduliwa rasmi tarehe 29 Januari. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mugabe Were, mbunge wa Embakasi kwa tiketi ya ODM, alipigwa risasi akafa nje ya nyumba yake. Siku mbili baadaye akauawa mbunge mwingine wa chama hicho, David Kimutai Too wa Ainamoi. Ndani ya Hoteli ya Serena, kila upande hatimaye ulikuwa na wajumbe wanne. Serikali iliwaleta Martha Karua, Sam Ongeri, Mutula Kilonzo na Moses Wetang'ula. ODM ikawaleta Musalia Mudavadi, William Ruto, Sally Kosgei na James Orengo. Nusu yao ni wanasheria, watu waliozoea kulipwa kwa kubishana. Ukiwaachia wanane hawa waanze na swali la nani alishinda, wana uwezo wa kulizungumza hadi Pasaka.

Ndipo ikatengenezwa ajenda yenye mambo manne. La kwanza, kukomesha ghasia na kurudisha haki za raia. La pili, misaada kwa waliokimbia na kuanza maridhiano. La tatu, mgogoro wa kisiasa wenyewe. La nne, mizizi: ardhi, umaskini, pengo kati ya maeneo, vijana wasio na kazi, katiba, na tabia ya wakubwa kukosa kuadhibiwa. Matatu ya mwanzo yakapewa takriban wiki mbili. La nne likapewa mwaka.

Ukiutazama haraka, mpangilio huu unaonekana wa kikarani. Utazame tena. Je, kuna mjumbe angethubutu kutoka nje na kuwaambia waandishi wa habari kwamba yeye anapinga mauaji yakome? Saini ya kwanza, kwa hiyo, ilipatikana tarehe 1 Februari, siku tatu tu tangu uzinduzi. Ya misaada na maridhiano ilifuata tarehe 4. Mikono iliyokuwa ikinyoosheana vidole kwenye televisheni ikawa imetia saini mara mbili kwenye karatasi moja, na wenye mikono wakazoeana kiasi cha kujua nani hukasirika upesi na nani akinyamaza ana jambo. Walipofika kwenye la tatu walikuwa na kitu cha kupoteza. Kuondoka mezani sasa kungekuwa kuwaacha wakimbizi waliokwisha kuahidiwa.

Lipo lalamiko la miaka mingi kwamba kisa chenyewe kiliwekwa mwisho, kwamba ardhi ya Bonde la Ufa ilistahili kuwa ya kwanza kwa sababu watu walikuwa wakiuana kwa ajili yake. Naliheshimu lalamiko hilo ila sikubaliani nalo. Dhuluma za ardhi zilizoanza enzi ya walowezi na kuendelea baada ya uhuru hazimalizwi na watu wanane hotelini katika mwezi mmoja wa Februari. Kilichowezekana ni kuyataja mambo hayo kwa majina yake, kuyaandika, na kuyawekea muda. Aliyeyataka yazungumzwe aliyaona kwenye karatasi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuyachomeka kila saa katikati ya mazungumzo ya madaraka. Wakenya hadi leo husema "Ajenda Nne" wakimaanisha yale yote ambayo nchi inajua inadaiwa. Si kazi ndogo kwa kipengele cha mwisho cha ratiba ya mkutano.

Pigo lilikuja mapema. Cyril Ramaphosa, aliyependekezwa kuongoza mazungumzo ya mambo ya muda mrefu, alikataliwa na upande wa serikali, na mwanzoni mwa Februari akajiondoa. Annan hakumpigania. Mpatanishi asiyetakiwa na upande mmoja ni mgeni tu, hata awe mahiri namna gani.

Hapa ningependa kuwataja mafundi wengine waliokuwa katika hoteli hiyo hiyo, kwa sababu sifa ya Februari ile imemwangukia mtu mmoja kupita kiasi. Kabla Annan hajafika, kikundi cha Wakenya kilikuwa kimeshaanza kukutana Serena kila asubuhi na kufungua mlango kwa yeyote mwenye habari au wazo: Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, George Wachira na Dekha Ibrahim Abdi. Sumbeiywo ndiye aliyewasimamia Wasudani kuanzia Machakos mwaka 2002 hadi mkataba wao wa Januari 2005. Dekha alijifunzia kwao Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya tisini koo za Kisomali zilipokuwa zikiuana huko, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni: kila mwanamke, wa ukoo wowote, aweze kuuza na kununua bila kubughudhiwa, na iwepo kamati ya kusikiliza malalamiko. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee wa koo. Sitaki kudai kwamba Annan aliiga Wajir. Lakini mpangilio ni ule ule, anza na jambo ambalo hakuna anayeweza kulipinga mbele ya watu, na mtu aliyeufanyia kazi jangwani miaka 15 nyuma alikuwa akinywa chai ghorofa hizo hizo. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki 2011 kufuatia ajali ya gari.

Turudi kwenye la tatu. Tarehe 12 Februari wajumbe waliondolewa Nairobi wakapelekwa Kilaguni, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Nairobi kila mapumziko ya chai yalikuwa nafasi ya mjumbe kupiga simu, kupokea maagizo na kurudi amekaza shingo. Kilaguni simu zilipungua. Wajumbe walikula pamoja, na mtu akitoka nje alikutana na mjumbe wa upande wa pili au na tembo.

Huko ndiko swali la nani alishinda lilikoshughulikiwa, na namna lilivyoshughulikiwa naiona kuwa ustadi wa hali ya juu. Annan hakulikataza. Alileta wataalamu wa uchaguzi wakaeleza njia zote: kuhesabu kura upya, kujumlisha upya, kurudia uchaguzi, kukagua nyaraka. Kila njia ikafunguliwa na kutazamwa gharama yake, muda wake, na nini kinaweza kutokea mitaani wakati inaendelea. Kurudia uchaguzi katika nchi ambayo wapiga kura wake wamelala kwenye mahema? Kuhesabu upya makaratasi ambayo kila upande unasema mwenzake ameyachezea? Njia moja baada ya nyingine ilikosa mtetezi, na walioziacha ni wajumbe wenyewe. Kisha akaja mgeni kutoka Ujerumani, Gernot Erler, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya nje, akaeleza jinsi vyama viwili vikubwa vya nchi yake, mahasimu wa siku zote, vilivyokuwa vikitawala pamoja wakati huo. Tarehe 14 Februari wakaandikiana kwamba uchaguzi utachunguzwa na kamati huru, ile iliyokuja kuongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini. Swali lililoichoma nchi likapewa jaji na tarehe, likatoka mezani.

Katika kazi hii kuna sehemu ambayo hatuwezi kuiona, nayo ni vikao vya faragha. Kila msuluhishi, awe wa Tume ya Usuluhishi, wa mahakama au mzee aliyeitwa kuwasikiliza mume na mke, ana wakati wa kumtoa mmoja na kubaki na mwingine. Mbele ya mwenzake mtu huzungumza kwa ajili ya mwenzake, na kwa ajili ya watu wake waliomtuma. Akibaki peke yake sauti hushuka. Hapo msuluhishi huuliza maswali mawili matatu ambayo hayana ukali lakini hayana pa kutokea: tusipokubaliana, mwezi ujao utakuwa wapi? Mwenzako akikupa hiki, utamwambiaje mkeo, au wafuasi wako? Kitu gani usichoweza kurudi nacho nyumbani? Anayoyasikia hayatoi nje bila ruhusa. Na siku akiyatoa, hata kwa nia njema, kazi yake imekwisha, kwa kuwa mlango wa faragha hufunguliwa mara moja tu. Desturi ya Kiislamu ya kutafuta hakamu wawili kwa wanandoa wanaogombana, mmoja kutoka kwa kila familia, inalijua hilo vizuri: mtu wa kwenu atakusikia unachomaanisha hata kama umesema kingine.

Ila Annan alikuwa na faragha kwa upande mmoja na kipaza sauti kwa upande wa pili. Alizungumza na wanahabari mara kwa mara, kwa ule utulivu wake wa sauti ya chini, akieleza hatua iliyofikiwa. Nchi nzima ikawa inangoja. Machel naye alikutana na makundi ya wanawake na kuwataka walete hoja zao zikiwa kitu kimoja badala ya kila kundi na yake. Wajumbe walipokuwa wagumu walijua kwamba nje kuna watu wanaohesabu siku.

Tarehe 26 Februari, wajumbe wakiwa wamekwama kwenye mamlaka ya waziri mkuu, Annan alisimamisha mazungumzo. Magazeti yaliona kushindwa. Kumbe alikuwa ameona kwamba wale wanane wamefika mwisho wa walichotumwa. Aliyetumwa hawezi kutoa asichopewa, na kuendelea kumbana ni kumtesa bure. Ugomvi ukapandishwa kwa wenyewe. Tarehe 28, Harambee House, Kibaki na Raila waliketi na Annan, Mkapa, na Jakaya Kikwete, ambaye alikuwa amechukua uenyekiti wa Umoja wa Afrika mwishoni mwa Januari. Watanzania wawili, mmoja rais na mwingine rais mstaafu, waliweza kumweleza Kibaki kama watu wanaofahamu kazi kwamba rais anaweza kuwa na waziri mkuu na asiache kuwa rais. Mtaalamu wa Ulaya angesema hayo kutoka kitabuni. Kikwete alikuwa amemwacha waziri mkuu wake nyumbani.

Karatasi waliyotia saini mchana huo ni fupi mno kwa jambo zito kiasi kile. Waziri mkuu ataratibu na kusimamia shughuli za serikali. Rais hatamfukuza apendavyo. Ataondolewa kwa kura ya Bunge. Uwaziri utagawanywa kwa kufuata nguvu za vyama bungeni. Kisha mkataba utiwe kwenye Katiba, na Bunge likafanya hivyo tarehe 18 Machi. Kila kifungu kinaeleza nani afanye nini kuanzia kesho. Hakuna kinachosema nani alikosa. Jaribu kuuandika mkataba wa namna hiyo kati ya ndugu wawili wa shamba moja utaona ugumu wake: kila mmoja anataka angalau sentensi moja ya kumlaumu mwenzake, hata kama ni ya mwisho.

Wakenya waliipa serikali iliyotokana na hayo jina la nusu mkate, na hawakuwa wakiisifu. Ndani yake mawaziri walivutana kila wiki, hadi kuhusu nani aketi wapi kwenye sherehe. Na waliouawa? Usuluhishi hauwezi kuwatendea haki kwa sababu wao hawako mezani, na hapa ndipo ufundi huu unapofika ukingo wake. Annan mwenyewe alikabidhiwa kipande cha deni hilo. Oktoba 2008 Jaji Philip Waki, aliyeongoza tume ya kuchunguza ghasia, alimpa bahasha iliyofungwa yenye majina ya washukiwa, aiweke mpaka Kenya iunde mahakama maalumu. Kenya haikuiunda. Julai 2009 akaipeleka Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu. Miongoni mwa sita waliotajwa na mwendesha mashtaka mwaka 2010 alikuwamo mmoja wa wale wajumbe wanane wa Serena, William Ruto. Kesi yake ilisitishwa 2016, na leo ni rais. Katiba mpya, iliyokuwa kwenye Ajenda Nne, ilipatikana tarehe 27 Agosti 2010. Ardhi bado.

Annan aliondoka mwanzoni mwa Machi na kumwachia kiti Oluyemi Adeniji, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Nigeria. Wiki zilizofuata zilikuwa za vuta nikuvute juu ya ukubwa wa baraza la mawaziri na nani apate wizara ipi, na wengi walisema mkataba umekufa. Wakati huu wakuu wawili hawakungoja kuketishwa. Aprili walikutana Sagana, kwenye nyumba ya Ikulu chini ya Mlima Kenya, wakamaliza wenyewe. Tarehe 13 ikatangazwa orodha ya mawaziri 40, baraza kubwa kuliko yote ambayo Kenya ilikuwa imewahi kuwa nayo, na nchi ambayo miezi mitatu nyuma ilikuwa ikizika ikaanza kulalamikia gharama ya mishahara yao.